Gesi Hailiwi: Nasaha Juu ya Viyoyozi vya Nyumba za Maskati

Ufikapo mwezi wa Mei, pale majabali yaliyouzunguka mji wa Maskati yanapoanza kulinywa joto la mchana na kulirudisha usiku juu ya watu waliolala, hapana chombo katika nyumba kinachotazamwa kwa mapenzi na hofu kwa pamoja kama kiyoyozi. Na hapana chombo, tukiwatoa wachache miongoni mwetu, ambacho wenyewe tunakijua kidogo kama hicho. Tunajua kukiwasha, tunajua kukizima, tunajua kukilalamikia, na kikianza kupuliza upepo wa uvuguvugu tunayo namba ya simu ya fundi. Baina ya kuwasha na kupiga simu hiyo pana elimu ndogo, isiyohitaji chuo wala zana za thamani, ambayo mwenye nyumba akiwa nayo atajiokolea riali nyingi na usiku mwingi wa kukesha; na hiyo ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa.

Joto la pwani hii si habari ya leo. Abdul Razzaq wa Samarkand, aliyetumwa na mtawala Shah Rukh kwenda Bara Hindi, alipita Maskati mwaka 1442, na joto alilolikuta likawa miongoni mwa mambo aliyoyaona yanastahili kuandikwa. Katika zama zetu, tarehe 26 Juni 2018, huko Qurayyat, katika mkoa huu huu wa Maskati, kipimo cha joto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa mchana na usiku mzima. Wazee walikuwa na hila zao: walilala juu ya sakafu ya paa, walirowesha shuka, na wenye uwezo walihamia kwenye mashamba ya mitende msimu wa kuvuna tende, wakauacha mji kwa waliolazimika kubaki. Na sisi ambao wazee wetu walitoka Unguja, Pemba na Mrima, wakaja huku baada ya mwaka 1964, na kwa wingi zaidi baada ya 1970, tumerithi kwao masimulizi ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya upepo, zenye baraza, ua wa kati, na madirisha marefu ya kupokea kaskazi na kusi kila moja kwa zamu yake. Nyumba za Al Khuwair, Al Hail na Mawalih hazikujengwa kwa ajili ya upepo. Zimejengwa kwa ajili ya mashine, kuta zake zimefungwa na vioo vyake ni nadra kufunguliwa, na mashine ikinyamaza hapana dirisha litakalokupokea.

Sasa tuijue mashine yenyewe. Kazi ya kiyoyozi ni kulichukua joto lililomo ndani ya chumba na kulitupa nje. Ndani pana koili, yaani bomba la shaba lililopindwapindwa na kuvikwa mapezi membamba ya alumini, na hewa ya chumba huvutwa na feni, ikapita kwenye chujio, kisha ikapita baina ya mapezi hayo yaliyo baridi, ikaliacha joto lake hapo. Gesi iliyomo ndani ya bomba hulibeba joto hilo mpaka kwenye mashine ya nje, ambako kompresa huikandamiza ikawa moto zaidi ya jua lenyewe la adhuhuri, ili ipate kulitema joto hilo katika hewa ya nje kwa msaada wa feni nyingine. Kisha hurudi ndani kuchukua shehena nyingine. Gesi hiyo huzunguka ndani ya bomba zake kama damu inavyozunguka katika mishipa: hailiwi, haichakai, wala haipungui kwa kutumika, na bomba zikiwa nzima gesi iliyotiwa siku mashine ilipofungwa ndiyo itakayokuwamo siku mashine itakapotupwa.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha nasaha yangu yote. Ukimwita fundi, hasa yule wa kupita na baiskeli yake au gari lake dogo, aghalabu ataweka mkono mbele ya kiyoyozi, atatikisa kichwa, na atakwambia kwa Kiarabu kile cha sokoni: "Arbab, gesi khalas," yaani bwana, gesi imekwisha. Na wewe, kwa kuwa watoto wanatoka jasho na mgeni yuko njiani, utasema tia. Atatia, hewa itapoa kwa muda, utalipa, na mwakani, au mwezi ujao, mtakutana tena kwa maneno yale yale. Wala simlaumu fundi peke yake. Kutia gesi ndiyo kazi anayoombwa na wateja wenyewe, na mwenye nyumba anayefungua mlango huku akisema kwamba gesi imekwisha amekwisha kuhukumu kabla ya ushahidi. Madhali gesi hailiwi, mwenye kusema imepungua amesema kwamba pana tundu, na mwenye kusema pana tundu shurti alioneshe. Na kwa uzoefu wa nyumba zetu, kabla ya kulifikia tundu yapo mambo mengine mengi yaliyo mepesi kuliko hilo, ambayo huzuia ubaridi vile vile.

Anza na mepesi kabisa, hata kama yanaonekana ya kitoto. Tazama rimoti: alama ya chembe ya theluji ni ya kupooza, alama ya tone la maji ni ya kukausha hewa, na alama ya jua ni ya kupasha moto, na katika nyumba yenye wajukuu alama ya jua hubonyezwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Betri za rimoti zikiwa dhaifu, kioo chake huonesha unachokitaka ilhali amri haijafika kwenye mashine. Kisha tazama kisanduku cha breka. Breka ikiwa imeanguka, zima kiyoyozi kwanza, irudishe mara moja tu, subiri dakika tatu au tano, ndipo uwashe; kwani kompresa iliyozimika ghafla ina mgandamizo ndani yake, na kuilazimisha kuanza papo hapo ni kuiumiza. Ikianguka mara ya pili, iache ilivyo na mwite fundi wa umeme, kwa maana breka hiyo inakwambia jambo, na kuirudisha mara kwa mara ni kuinyamazisha.

Baada ya hapo njoo kwenye chujio, na hapa nakuomba msomaji wangu unistahimilie nikae kidogo, maana lau kila nyumba ya Maskati ingelisafisha chujio lake kama ipasavyo, mafundi wengi wangalikosa la kufanya mwezi wa Juni. Mji wetu una vumbi la namna tatu. Lipo la jangwa, jepesi kama poda, linaloletwa na upepo wa gharbi na kupenya hata kwenye nyumba iliyofungwa. Lipo la ujenzi, ambalo waliohamia mitaa mipya ya Amerat au nyuma ya Mawalih wanalijua vyema, nalo lina saruji ndani yake, likipata unyevu hushikamana. Na lipo lile tunalolitengeneza wenyewe kwa mapenzi, nalo ni moshi wa udi na ubani. Chetezo kikipitishwa sebuleni kila alasiri, na zaidi siku ya Ijumaa na siku za wageni, moshi ule wenye mafuta huvutwa na kiyoyozi kama hewa nyingine yoyote, ukatanda juu ya chujio na juu ya koili, na vumbi likija baadaye hukuta gundi imekwisha kuandaliwa. Simwambii mtu aache kufukiza. Nyumba ya Mwomani bila ubani ni nyumba ya nani? Ninalosema ni kwamba kiyoyozi kizimwe wakati chetezo kinapozungushwa, dirisha moja lifunguliwe robo saa, kisha kiwashwe.

Chujio la kiyoyozi cha ukutani hutolewa kwa mkono: inua kifuniko cha mbele, kivute kile kitambaa cha plastiki, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukianikie kivulini. Usikianike juani, kwani jua la huku hukikunja kisirudi tena mahali pake. Na usikirudishe kikiwa na maji. Wakati wa joto fanya hivi kila baada ya wiki mbili. Katika nyumba zenye mashine iliyofichwa juu ya dari, ambayo hewa yake hupita kwenye mifereji, chujio huwa nyuma ya wavu wa kurudishia hewa, katika ukumbi au ushoroba, na kwa kuwa halionekani husahauliwa. Nimeingia katika nyumba ambamo mwenyewe hakuwa na habari kwamba chujio lipo. Chujio likiziba, hewa haipiti. Hewa isipopita, joto la chumba halifiki kwenye koili. Na koili isiyoletewa joto huzidi kuwa baridi mpaka maji yaliyoigusa yanaganda.

Na hapo ndipo lilipo jambo linalowashangaza wengi, la kuiona barafu juu ya mashine isiyopooza. Barafu ni ushahidi kwamba hewa haiipiti koili ipasavyo, au kwamba gesi imepungua kweli, na la kwanza hutokea mara nyingi zaidi. Ukiona barafu kwenye bomba la shaba au nyuma ya kifuniko, usiikwangue kwa kisu, maana bomba ni laini na tundu moja la kisu litakugharimu koili nzima. Zima upoozaji, acha feni peke yake ifanye kazi saa mbili au tatu mpaka barafu yote iyeyuke, tandika taulo chini, osha chujio, kisha jaribu upya. Ikirudi na chujio ni safi, basi sasa una haki ya kuuliza habari ya gesi.

Ama mashine ya nje, hiyo tunaiweka juu ya paa au nyuma ya nyumba, tukaisahau kama vile haituhusu. Mapezi yake yakizibwa na vumbi, joto lililotolewa chumbani halipati pa kwenda, kompresa hufanya kazi kwa taabu, umeme huliwa zaidi, na saa za adhuhuri mashine hujizima yenyewe kwa kujihami, ikawaka tena jua likipungua. Mtu husema kiyoyozi changu hupooza usiku na kugoma mchana, akadhani gesi. Naye angepanda juu angekuta mapezi yamevaa sufu ya vumbi. Zima umeme wa mashine hiyo kwenye breka yake, kisha ioshe kwa mpira wa bustani na maji ya nguvu ndogo, kwa upole, ukielekeza maji yafuate mapezi yalivyosimama, kwani maji ya nguvu nyingi huyalaza, na pezi lililolala halipitishi hewa. Wakaao karibu na bahari, kuanzia Qurum na Azaiba mpaka Seeb, wana adui mwingine ambaye ni chumvi; hiyo huila alumini pole pole ikawa unga mweupe, na hapana dawa yake ila kuosha mara kwa mara na, wakati wa kununua, kuuliza mashine ambayo koili yake imepakwa rangi ya kuikinga. Tazama pia nafasi iliyoizunguka. Mashine tatu zilizopangwa katika kichochoro chembamba baina ya nyumba mbili hupulizana joto, kila moja ikivuta hewa ya moto iliyotemwa na mwenziwe. Na yule aliyeizungushia mashine yake kibanda cha mabati ili kuikinga na jua amefanya wema uliogeuka dhara, kwa maana kivuli kinafaa, lakini hewa ni bora kuliko kivuli.

Maji yadondokayo ukutani ni lalamiko la pili kwa wingi, na mara nyingi si hitilafu ya mashine hata kidogo. Willis Carrier, Mmarekani aliyeunda mtambo wa kwanza wa namna hii mwaka 1902, aliuunda kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn ambacho karatasi zake ziliharibiwa na unyevu, na kuutoa unyevu hewani kumekuwa nusu ya kazi ya kiyoyozi tangu siku hiyo. Katika usiku wa Agosti, bahari inapotupa mvuke wake juu ya mji, kiyoyozi kimoja hutoa lita kadhaa za maji kwa usiku mmoja, nayo hukusanyika katika sinia lililo chini ya koili, yakatoka nje kwa mpira mwembamba. Ute wa kijani huota ndani ya mpira huo, ukauziba, sinia likajaa, na ukuta wako ukalia. Ziba pengo baina ya mpira na mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi, ile iwezayo kunyonya maji, uuvute uchafu kutoka upande wa nje. Kisha mimina kikombe cha siki ndani ya sinia, ukirudia kila mwezi wa joto. Hakikisha mpira unateremka moja kwa moja, haukupindwa kwenda juu, na ncha yake haikuzama ndani ya ndoo iliyojaa. Maji hayo mwagilia maua yako ukipenda, lakini usinywe, kwani yamepita juu ya kila kilichokuwamo hewani.

Harufu mbaya inayotoka kiyoyozi kinapowashwa ni ndugu wa ute huo huo: ni kuvu iliyoota juu ya koili yenye unyevu na mafuta ya moshi. Chujio peke yake halitaiondoa; hapo mwite fundi aoshe koili kwa dawa yake, na gurudumu la feni liwe miongoni mwa yanayooshwa, maana ndilo linaloachwa. Wenye kusafiri kwenda Unguja mwezi wa Julai, au Salalah kuukimbilia msimu wa kharifu, wasiifunge nyumba bila upoozaji wowote kwa wiki sita. Warudipo watazikuta nguo kabatini zimeota madoa ya kuvu. Kiyoyozi kimoja kikiachwa kwenye nyuzi 28, au katika hali ya kukausha kwa saa chache kila siku, kitailinda nyumba.

Yapo mambo ambayo mwenye nyumba ayatambue kwa sikio tu, asiyaguse. Feni ya nje ikinguruma bila kuzunguka, aghalabu ni kapasita iliyokufa, kijipande kidogo kinachoisaidia mota kuanza, ambacho joto letu hukiua mapema. Ni kipuri cha bei nafuu na fundi hukibadilisha kwa muda mfupi, kwa hiyo ukiambiwa kwamba kompresa imeungua, uliza kwanza kama kapasita imepimwa. Lakini usiifungue mashine wewe, wala usiisukume feni kwa kijiti kama wafanyavyo baadhi ya majasiri: kapasita huhifadhi umeme hata baada ya breka kuzimwa, na umeme huo unaweza kuua. Vivyo hivyo, wanaozikumbuka siku za tufani ya Gonu, Juni 2007, wanajua kwamba mashine iliyofikiwa na maji ya wadi, yaani bonde la mto lililofurika, haiwashwi mpaka ikaushwe na kupimwa, hata ikionekana nzima.

Sasa tuje kwenye gesi yenyewe, kwa kuwa siku nyingine fundi husema kweli. Dalili zake ni hizi: chujio na koili zote mbili ni safi, feni zinazunguka, kompresa inafanya kazi, na hata hivyo hewa itokayo haipungui joto kwa kiasi cha kutosha. Kipimo kidogo cha joto kinakutosha: pima hewa inayoingia juu ya kiyoyozi na ile inayotoka chini baada ya robo saa, tofauti ikiwa baina ya nyuzi 8 na 12, mashine yako haina kosa, ikiwa 3 au 4, pana neno. Dalili ya pili ni doa la mafuta kwenye viungo vya bomba la shaba, kwani gesi ikivuja hutoka na mafuta ya kompresa. Hapo mtake fundi afanye kazi kwa utaratibu wake: alitafute tundu kwa povu la sabuni au chombo cha kunusia, alizibe au akaze kiungo, anyonye hewa yote iliyoingia kwa pampu, na ndipo atie gesi kwa kuipima kwenye mizani. Anayekataa kunyonya hewa kwa kuwa hana pampu, mshukuru na umruhusu aende. Hewa na unyevu vikibaki ndani ya bomba, kompresa haitaishi sana.

Tazama pia kibandiko cha mashine ya nje kabla ya kukubali mtungi wowote. Mashine za zamani hutumia R-22, ambayo kwa mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 inaondolewa duniani kwa madhara yake kwa tabaka la ozoni. Zilizofuata hutumia R-410A, na nyingi za sasa R-32, ambayo inaweza kushika moto na haitaki fundi mwenye sigara mdomoni. Hizi hazichanganywi wala moja haisimami mahali pa nyingine, hata muuzaji akiapa. Kwa mashine ya R-22 iliyovuja katika koili na umri wake umekwenda, rai yangu ni kuacha kuitibu: fedha za mitungi miwili mitatu ni mwanzo mzuri wa bei ya mashine mpya.

Na huenda baada ya yote hayo mashine ikaonekana haina ila hata moja, na chumba kikabaki moto. Usiishutumu. Uwezo wa viyoyozi vingi hupimwa kiwandani joto la nje likiwa nyuzi 35, na hapa tunazipita nyuzi hizo kabla ya saa nne asubuhi. Wakati wa kununua, uliza ile iliyopimwa kwa nyuzi 46, ambayo imekusudiwa nchi za Ghuba. Sakafu ya paa ya zege hunywa jua tangu alfajiri, na joto lake hufika chumbani saa tatu au nne za usiku, ndiyo maana chumba cha juu huwa cha moto zaidi jua likiwa limekwisha kuzama. Rangi nyeupe juu ya paa hilo, na ikiwezekana tabaka la kuzuia joto, itafanya kazi ambayo tani nzima ya uwezo wa kiyoyozi haiwezi. Na kuweka nyuzi 16 hakuharakishi chochote. Kiyoyozi cha kawaida hupooza kwa nguvu ile ile ukiweka 16 au 24. Tofauti ni kwamba kwenye 16 hakitapumzika, na kwa kuwa bei ya umeme hapa hupanda kwa ngazi kadiri ya matumizi, wewe utakayepokea bili ya Agosti hutapumzika pia.

Jamaa zetu walioko London au Copenhagen hutucheka tunapolalamikia baridi ya mashine, ilhali wao wanalala na makoti. Lakini hitilafu zao na zetu zimezaliwa na mama mmoja. Radieta yao ikiwa moto chini na baridi juu, hukimbilia kusema kwamba boila imekufa, kumbe hewa imenaswa ndani ya radieta, na ufunguo mdogo wa kuitoa hewa hiyo, ukizungushwa taratibu mfumo ukiwa umezimwa na kikombe kikikinga matone, hulimaliza jambo. Ikiwa moto juu na baridi chini, ni tope la kutu lililotuama, na hilo ni la fundi. Na sisi tusijione mbali na habari hizo, maana kule Saiq, katika Jebel Akhdar, usiku wa Januari maji huganda, na kila msimu wa baridi watu hupanda kwenda kulala huko. Viyoyozi vingine vyenye alama ya jua hupasha moto vizuri kabisa. Lakini jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata liwe dogo na zuri kiasi gani, ni hatari. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini, na kutoliingiza ndani ndilo jambo la pekee katika makala hii ninaloliamrisha badala ya kulishauri.

Niseme na habari ya maji, kwa sababu wageni wa mji huu hudhani bomba zao zimeharibika. Tangi la juu ya paa hupikwa na jua mpaka maji ya bomba la baridi yakaunguza mkono. Zima hita ya maji tangu Mei mpaka Septemba. Mtungi wake uko ndani ya nyumba, maji yaliyokaa humo hupoa kwa ubaridi wa nyumba, na utakapotaka maji ya kuoga fungua bomba la moto. Wenyeji wanalijua hili bila kuambiwa, lakini mgeni aliyeshuka jana kutoka Mombasa hatalibuni peke yake.

Limebaki ombi moja. Sheria ya Oman inakataza kazi za juani baina ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu za mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwa kuwahurumia wafanyakazi. Na mashine ya nje ya jirani yako, na yako wewe, iko juu ya paa ambalo saa hizo halikanyagiki. Kiyoyozi kikizimika saa saba mchana, hamia chumba kingine, wape wazee na watoto feni na maji, na mpigie fundi aje baada ya alasiri au asubuhi mapema. Akifika, mpe maji ya kunywa kabla hajapanda, mwoneshe breka ilipo, mwambie uliyokwisha kuyatazama, na umwulize tundu liko wapi kabla hajafungua mtungi wa gesi.